Mama Mkwe Aliyejifungia Bafuni

Haya nilielezwa na dada yangu mkubwa wiki iliyopita, siku aliyotoka hospitali. Alieleza huku ameinamisha uso. Akakubali niyaandike, mradi jina lake nisilitaje.

Alikuwa kwa binti yake, amekwenda kulea mjukuu. Binti alikuwa kazini. Mkwe, fundi wa mafriji, alikuwa sebuleni na kazi zake. Dada alikuwa bafuni akifua nepi. Mara kifua kikambana, kama amekaliwa na mtu. Maumivu yakapanda kwenye taya, yakashuka mkono wa kushoto. Jasho likamtoka. Akatapika, nguo zote zikachafuka.

Akasikia mkwe anakuja. Haraka akatia komeo. Mkwe amwone hivi? Bora ardhi ipasuke.

"Mama, kuna nini?"

"Gesi tu, baba. Nenda kafanye kazi."

"Mbona unahema hivyo? Fungua!"

"Sifungui. Mwite mkeo."

"Yuko mbali, Mama. Jifunike taulo. Nang'oa bawaba."

Mlango ukatoka. Mkwe akaingia akitazama dari, akamnyanyua.

"Nishushe! Mimi mzito!"

"Nabeba mafriji kila siku, Mama. Wewe hata si la milango miwili."

Mtoto akaachwa kwa jirani, gari la wagonjwa likaitwa.

Hospitali, nesi alitaka kumbandika nyaya kifuani. Dada akang'ang'ania taulo. Nesi akamtoa mkwe nje, akavuta pazia.

"Bibi, moyo nao una mishipa ya kuulisha. Damu ikiganda humo, nyama ya moyo huanza kufa. Nyaya hizi zinasoma umeme wa moyo. Damu nayo tutaipima, tena tutarudia, maana kipimo cha kwanza huenda kisionyeshe kitu."

"Nilidhani gesi."

"Wengi hudhani hivyo. Kifua kikibana namna hii, usijifiche. Ita watu, uletwe upesi."

Kipimo cha nyaya kikaonyesha dalili za mshipa ulioziba. Akapewa aspirini atafune, na dawa za kuzuia damu isigande. Daktari akapitisha mrija mwembamba mkononi hadi kwenye moyo, akazibua mshipa, akaacha humo kibomba kidogo cha kuushikilia usizibe tena.

"Dawa utameza kila siku," nesi akamwambia, "hata ukijiona mzima."

Alasiri mkwe akaingia wodini. Dada akageukia ukutani.

"Nimejiaibisha, baba."

"Ungenifia humo, Mama, ningemwambia nini mke wangu? Kwamba nilikuwa bado napiga hodi?"

Dada akalia, kisha akacheka. Mkwe akakaa kitini, uchovu ukamshinda. Akakoroma mdomo wazi, mbele ya mama mkwe wake! Nesi akataka kumwamsha.

"Mwache," dada akasema. "Tumeshaonana."

Akageuka upande wa kiti, naye akalala.