Saa Mbili na Nusu hadi Muscat

Jumanne, saa tatu asubuhi, Mpanda mjini, Bushra alitoka kuoga akakuta uani pana kandambili mbili ndogo, mtoto hayupo. Mwanaiddi, miaka minne. Alimwita mpaka sauti ikakauka. Kuku tu ndio waliogeuka.

Saa nne alikuwa kituoni, mbele ya Afande Method. Alikuwa bado huko saa kumi na nusu jioni, ujumbe ukaingia kwa namba ngeni: "Mimi Uwesu, natumia laini ya rafiki. Nimemchukua mwanangu. Tumeruka Dar saa nane, tumetua Muscat sasa hivi. Usitutafute."

Uwesu ni baba wa mtoto, dereva huko Muscat, mwaka wa pili hajarudi. Alipopigiwa kwenye namba yake, hakupatikana. Afande akaagiza aletwe Sadalla, mdogo wake Uwesu, aliyeonekana asubuhi akipita pale nyumbani.

"Ulimpeleka mtoto uwanja wa ndege?"

"Afande, nilikuwa napeleka mkaa! Ndege mimi naionea chini, ikipita."

"Utalala ndani mpaka ukumbuke."

"Shemeji, si useme na wewe! Nyie mnanionea tu."

Bushra alitoka kituoni. Alirudi nyumbani, akaketi peke yake, akausoma ujumbe ule mara ya kumi. Saa nane mpaka saa kumi na nusu. Siku Uwesu anaondoka, ndege yake nayo iliruka Dar saa nane. Bushra alikaa na simu mapajani, akihesabu, hadi saa moja na nusu usiku ndipo akaambiwa "nimefika". Saa tano na nusu angani, kilomita elfu nne kasoro. Uwesu mwenyewe asingekosea hapo. Sadalla hajui lolote la ndege, asingethubutu kutaja saa. Basi nani?

Jirani, Bibi Nyanzala, akaingia na uji.

"Kunywa, mwanangu. Mtoto yuko kwa baba yake, hayuko porini. Ndege siku hizi ni kufumba na kufumbua. Mimi nilipopelekwa Dar kutibiwa, saa mbili na kitu, tumeshashuka!"

Bushra akaweka kikombe chini.

"Nani kakwambia yuko kwa baba yake?"

"Si watu wanasema..."

"Watu gani? Ujumbe tumeuona mimi na Afande, na Sadalla yuko ndani. Bibi, Muscat siyo Dar. Safari ya mwanangu umeipima kwa safari yako."

Bibi alikaa chini taratibu, kama aliyechoka siku nyingi.

"Ujumbe niliuandika mimi. Yuko Magamba, kwa dada yangu. Kesho ningempeleka mbali zaidi, Kapalamsenga. Watoto watatu nimezika, Bushra. Jioni nikifunga mlango, hakuna wa kuniuliza nimekula nini. Wewe kijana, utazaa mwingine."

"Na mimi, nikifunga wangu, huwa ananiuliza nani?"

Akachukua simu, akampigia Afande.

Jua lilikuwa linazama walipofika Magamba na Afande. Sadalla alikuwa ameshaachiwa. Mwanaiddi alikuwa anakula muhogo, hata machozi hana. Bushra akampakata, akamuuliza kwa nini alimfuata Bibi bila kuaga.

"Bibi alisema mama anajua."

Neno hilo tu ndilo lililomtoa mtoto uani kwao. Nyie kina mama, mwambieni mtoto leo, kabla hajalala: mama akijua, mama atakwambia mwenyewe.