Kipato Alichokificha Fundi Abdulhadi

Kila siku akitoka shule, Shamsa alikuwa akipitia Kariakoo, kwenye fremu ya duka la ushonaji la baba yake, Fundi Abdulhadi, kumsaidia kukunja nguo zilizokwisha kushonwa. Lakini kwa wiki tatu hapakuwa na nguo ya kukunja. Fundi alikuwa ameteleza ngazini, akavunjika mkono wa kulia. Tegemeo lao likabaki bima ya kipato, inayomlipa aliyejiajiri anapoumia asiweze kufanya kazi.

Siku moja Shamsa alimkuta baba akizozana na Bi Badria, afisa wa bima.

"Laki moja na nusu kwa mwezi? Mnanidhihaki!"

"Usinipigie kelele, Fundi. Tumefuata kipato ulichowaambia watu wa kodi. Uliandika mwenyewe."

"Kila mtu hapa anapunguza!"

"Basi na malipo yamepungua. Kama una ushahidi mwingine, lete." Akaondoka bila kuaga.

Baba akamtupia Shamsa kitabu kipya cha risiti. "Una mwandiko mzuri. Andika suti, andika magauni ya harusi. Tarehe za mwaka jana."

Shamsa akaandika risiti ya kwanza. Alipofika ya pili, akaweka kalamu chini.

"Baba, hawa wateja hawapo. Huu ni uongo."

"Nani kakuuliza? Unachokula kinatoka wapi?"

"Kwenye jasho lako, baba. Lakini siandiki."

"Toka mbele yangu!"

Kwa siku mbili Shamsa alisema "Shikamoo," asijibiwe. Mama alipojaribu kumtetea, naye akafokewa. Siku ya tatu baba akasimama mlangoni, uso umekunjamana. "Vaa viatu. Kama huandiki uongo, twende tukaseme ukweli."

Walikwenda ofisi ya kodi. Fundi akataja kipato chake cha kweli, huku akiuma meno. Akaambiwa alipe kodi aliyoikwepa pamoja na faini, kwa awamu. Malipo ya bima hayakubadilika, kwa kuwa yalifuata kipato alichokiandika kabla ya kuumia. Kipato cha kweli kingehesabiwa kwenye mkataba mpya wa bima.

Jioni hiyo mama alikaa kwenye cherehani, baba akimwelekeza kwa ukali, wakaanza kushona sare za shule. Shamsa akakunja ya kwanza.

"Mwanangu," baba alisema bila kumtazama, "nilidhani naipunja serikali, kumbe najipunja mwenyewe. Ukijiita maskini siku ya kodi, utalipwa kimaskini siku ya kuumia. Na nilikukosea nilipotaka uniandikie uongo. Usimwandikie mtu uongo, hata akiwa mimi."