Mume wa Kukalishwa Majivuni

Walijuana sokoni, katika mtaa wa cité Albert, mwaka wa 1954, mbele ya meza ya samaki wakavu walioletwa kutoka ziwani, Pweto. Wote wawili walishika samaki mmoja, huyu kichwa, huyu mkia, na hakuna aliyetaka kuachia. Zéphirin, karani wa reli, alivaa kofia ya kizungu na viatu vya kung'aa. Régine Ngosa alijifunga kitenge cha maua mekundu, na ulimi wake haukuwa na breki: alimwambia samaki si tiketi ya treni, hapigwi muhuri. Zéphirin akacheka, akamwachia samaki, na moyo pia.

Ngosa hakumficha kitu. Mwaka uliotangulia alilazwa kwa saratani ya damu, ile inayoitwa leucémie, na vidonge kutoka Ulaya vikamsafisha. Zéphirin alimpenda hivyo hivyo. Ndoa yao ikatangazwa kanisani Jumapili ya kwanza, kisha ya pili.

Ndipo tumbo la Ngosa likaanza kupanda. Mama yake Zéphirin, aliyezaa saba, alimtazama mara moja tu, akaamua ni mimba ya miezi mitano. Na Zéphirin alikuwa hajawahi kumgusa. Jumapili ya tatu, padri alipouliza kama kuna kizuizi, bwana harusi mwenyewe alisimama, akasema mbele ya kanisa zima kwamba mchumba wake amebeba mtoto wa mtu mwingine. Hata mwizi wa kuku huulizwa kabla ya kupigwa, Ngosa hakuulizwa.

Hospitalini daktari alimchoma sindano kwenye mfupa wa nyonga, akakuta uboho, unaotengeneza damu, safi kabisa. Lakini tumboni, kwenye ovari, palikuwa na uvimbe. Ugonjwa uliofukuzwa mifupani ulikuwa umejificha huko, na daktari hakumdanganya: miezi michache. Ngosa alilia zaidi kwa ajili ya ile Jumapili kuliko kwa ajili ya kifo. Hasira ndiyo iliyompa nguvu ya kula.

Habari zilipomfikia Zéphirin, alikuja mbio, akasimama kando ya kitanda, kofia mkononi. Alisema amekosa, na kwamba atamuoa hata leo.

"Sawa, utanioa," Ngosa akasema. "Lakini unajua desturi ya kwetu. Nikikufa, bamama bakubwa ba jamaa yetu batakukalisha chini, mu majivu. Batakutukana. Hautaoga, hautaoa mwingine, mupaka bakufungule kilio."

"Najua."

"Nilisha kubaambia basikufungule mbio. Njo vile nataka."

Mlango ulikuwa wazi, na Zéphirin alikuwa na miaka ishirini na sita. Aliweka kofia dirishani, akaketi sakafuni na suruali yake nyeupe.

"Basi nianze leo," akasema, "weye mwenyewe uone."

Ngosa hakumsamehe. Alimtuma muuguzi amwite padri aje kuwafungisha ndoa, kisha akaanza kumtukana Zéphirin polepole, tusi baada ya tusi, na kila moja Zéphirin aliliitikia, "Ndiyo, bibi yangu," mpaka padri akaingia.