Mgeni Asiyeulizwa Jina

Watu huniuliza safari ya meli ndogo ya kifahari ikoje. Wanatoa macho, wanasubiri habari za shampeni na vitanda vya manyoya. Sawa. Kaeni niwaambie, na mkitoka hapa msiniulize tena.

Meli yetu ilikuwa na vyumba kumi na viwili tu. Safari ile tulipakia wageni ishirini na wawili, na sisi wafanyakazi tulikuwa ishirini. Ndiyo sifa yake hiyo. Kabla mgeni hajapanda ameshajaza fomu. Tunajua mto anaoulalia, chai yake ina sukari ngapi, goti lipi linamsumbua. Kwa hiyo kulikuwa na sheria mbili. Mgeni haulizwi jina wala chumba, kwa sababu unatakiwa uwe unamjua. Na mgeni haambiwi hapana. Unasema "ndiyo, bila shaka" hata kabla hajamaliza kusema. Bosi wa huduma alitukaririsha hayo kila asubuhi. Tulimwita Tabasamu, maana meno yake waliyaona wageni peke yao.

Mimi nilitandika vitanda. Mdogo wangu alikuwa chini, chumba cha kufulia. Kazi nilimtafutia mimi, na mama alinikabidhi mkono kwa mkono: "Huyu ni wako sasa. Mwangalie."

Siku ya tatu, jua linazama, wageni wamekwenda kula. Huo ndio muda wetu wa kupita vyumbani kufunua shuka na kubadilisha taulo. Nilipita mbele ya namba saba na rundo langu la taulo. Chumba hicho kilifungwa safari nzima kwa sababu bomba lake lilipasuka.

Mlango ulikuwa wazi.

Harufu ndiyo iliyonisimamisha. Udongo. Udongo mbichi, uliochimbwa sasa hivi... na sisi tulikuwa na siku mbili hatujaona nchi kavu.

Bibi mmoja alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kavaa lile vazi jeupe la kuogea tunalowapa wageni. Uso wake ulikuwa wa bibi yeyote. Kucha zake zilikuwa nyeusi.

"Taulo, mwanangu," alinong'ona.

Nikampa. Ningefanyaje? Nikatoka nje hadi kwenye korido, nikamnong'oneza Tabasamu kwenye redio ya mkononi.

"Kuna mgeni namba saba."

"Umemuuliza jina?"

"Sijamuuliza."

"Umeponea chupuchupu. Atakuwa mtu wa kapteni. Mpeleke mezani."

Jikoni wakaongeza sahani. Kapteni akainuka, akamvutia kiti, "Karibu tena, mama," kwa kicheko cha mtu anayemfahamu tangu zamani. Mpishi akampelekea supu bila chumvi, eti ndivyo anavyoipenda. Nani alimwambia? Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuonekana hajui. Wajinga wote, nami nikiwemo.

Kila jioni nilikung'uta shuka zake. Kila jioni udongo ulizidi.

Siku ya tano mchana Tabasamu aliniita. Wageni walikuwa wamemwona mdogo wangu akipandisha mashati, wakakipenda kicheko chake. "Kuanzia kesho yeye yuko juu, atatandika vitanda. Wewe unashuka kufua."

Miaka sita nimeinamia vitanda vya watu! Nikashuka na hasira zangu zote. Mdogo wangu alikuwa anapiga pasi, akacheka tu.

"Dada, si tunabadilishana? Utapumzisha mgongo."

"Potelea mbali," nikamwambia. "Sitaki hata kukuona."

Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Kwa saa mbili hivi, niliyamaanisha kwa moyo wote.

Jua lilipozama nilikuwa namba saba, naupiga mto ngumi badala ya kuupanga. Bibi alikuwa nyuma yangu. Sikumsikia akija.

"Nyumbani kwangu kazi ni nyingi," alinong'ona. "Nataka msichana."

"Ndiyo, mama."

"Yule anayecheka huko chini... ana mkubwa wake?"

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

"Basi, mwanangu, nikiondoka naye..."

"Ndiyo, bila shaka."

Lilitoka lenyewe. Nimejiambia hivyo mara nyingi mno, na sasa nimechoka kujidanganya. Nusu yake ilikuwa mazoea. Nusu nyingine ilikuwa mimi.

Kiganja baridi kikanipapasa shavu. Nikageuka.

Hakuna mtu.

Nilishuka ngazi tatu tatu, nikimwita mdogo wangu kwa sauti ambayo hairuhusiwi kwenye meli ile. Mashine zilikuwa zinazunguka. Pasi imesimamishwa, bado ya moto. Shati limenyooshwa mkono mmoja. Sakafuni kulikuwa na nyayo za udongo, za miguu mitupu... zinaingia.

Za kutoka hazikuwepo.

Kengele ikapigwa, tukahesabiwa mbele ya maboti ya kuokolea. Wageni ishirini na wawili. Wafanyakazi kumi na tisa. Namba saba ilikutwa imefungwa, kitanda hakina hata shuka.

"Si alikuwa mtu wako?" Tabasamu alimuuliza kapteni.

"Mimi nilidhani ni wako."

Kwenye ripoti wakaandika kwamba mfanyakazi ameanguka baharini. Bibi hakuandikwa popote. Siwasamehe, wala sitaki waniombe msamaha.

Fundi wa injini, mzee asiyesema sana, alinifuata nilipokuwa nakunja nguo za mdogo wangu.

"Alikuomba?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Aliniomba."

"Meli niliyotoka, alimwomba mpishi mtoto wa dada yake. Mpishi akakataa."

"Ikawaje?"

"Haikuwa kitu. Kesho yake yule bibi hatukumwona tena. Kijana yupo, ameshaoa."

"Kukataa tu?"

"Tu."

Nilimchukia kwa kuniambia. Mpaka leo namchukia.

Tulipofika bandarini nilimpigia mama kabla ofisi haijampigia. Nilikuwa nimeyapanga maneno yote. Alipokea kwa furaha, nyuma yake sufuria zinagongana.

"Mpe simu mdogo wako, nisikie sauti yake."

"Hayupo hapa, mama. Amepata... amepata kazi kwingine. Kwa bibi mmoja."

"Wewe ndiye uliyemruhusu?"



"Ni mimi, mama."

"Umefanya vizuri, mwanangu," alisema. "Mungu akubariki. Nilijua utamwangalia." Akakata simu haraka, maana alitaka kwenda kuwaambia majirani.