Ukuta Ulioishia Nusu

"Shika ngazi vizuri, Dokta. Nikianguka hapa utanishona mwenyewe."

"Mimi nauza dawa, sishoni watu. Tena ukianguka, nitaokoa rangi kwanza."

Brashi akacheka huko juu mpaka ngazi ikatikisika. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake, maana tangu aanze kupaka rangi nyumba za watu hajaonekana bila brashi. Binti aliyeshika ngazi aliitwa Dokta na mtaa mzima, kwa sababu ya koti lake jeupe la duka la dawa. Miezi minane sasa walikuwa wapenzi. Kila Jumamosi walitengeneza nyumba ya Dokta, vyumba viwili vya kupanga. Rafu ya vitabu ilikuwa kazi ya Brashi, na hata bomba la jikoni liliacha kuvuja baada ya yeye kuligusa. Jumapili walipanda kilima na chupa ya maji na karanga mfukoni, wakirudi vumbi tupu na kucheka.

Ila kwenye picha za matembezi hayo, Dokta alipoziweka mtandaoni, alionekana peke yake. Chini ya picha ya rafu aliandika: "Kazi ya mikono yangu." Brashi aliona, akapita. Ukimpenda mtu, unamtafutia udhuru hata pale ambapo haupo.

Leo ilikuwa zamu ya ukuta wa sebuleni. Rangi alikuwa ameichanganya Brashi mwenyewe, kwa jicho. Alimwaga nyeupe, akatia njano kidogo na hudhurungi tone, akakoroga na kutazama, mpaka Dokta akapiga kelele, "Hiyo hiyo! Usiongeze kitu!" Vipimo hakuandika.

Walikuwa wamefika nusu ya ukuta mlango ulipogongwa.

"Hodi! Hodi wenyewe! Leo tumekufuma!"

Alikuwa Chiriku, mfanyakazi mwenzake Dokta wa dukani, mwanamke ambaye neno halimlali tumboni. Nyuma yake alisimama bosi wao, mama mwenye miwani ya dhahabu na maneno machache.

"Tulikuwa tunapita," Chiriku akasema huku keshaingia. "Bosi akasema twende tukaone hiyo nyumba unayotutambia kila siku."

Brashi akashuka, kaptula imechanika pajani, rangi mpaka kwenye nyusi, uso umejaa tabasamu. Siku hii ya kutambulishwa alikuwa ameingoja kwa muda mrefu. Akajifuta kiganja ili atoe mkono.

"Na huyu ni nani?" bosi akauliza.

Jamani, swali jepesi hilo! Lakini Dokta aliitazama kaptula, akaitazama miwani ya dhahabu.

"Ah, huyu? Huyu fundi tu."

Mkono wa Brashi ukabaki hewani.

"Fundi hodari huyu!" Chiriku akadakia. "Ukimaliza hapa uje kwangu, ukuta wa chumbani unabanduka wenyewe. Nipe namba."

Brashi akaitaja namba yake, moja moja, kwa sauti ndogo. Dokta naye, badala ya kuishia hapo, akazidi kujichimbia. Aliogopa Brashi asije akasema neno. Akachomoa noti kwenye pochi, akamtia kiganjani mbele ya wageni.

"Fundi, inatosha kwa leo. Utamalizia siku nyingine."

Brashi akaitazama ile noti. Kisha akamtazama Dokta.

"Ahsante, madamu."

Akachukua brashi yake, akapitia kwenye rafu, akatoka, na mlango akaurudisha taratibu.

Wageni walikunywa soda, wakasifu pazia, wakasifu rafu. Dokta alicheka kila walipocheka. Walipoondoka akaikuta noti juu ya rafu, imekunjwa vizuri mara nne. Kopo la rangi hakuna aliyekumbuka kulifunika, na kufikia asubuhi lilikuwa limeganda. Ukuta ukabaki nusu mpya, nusu kuukuu.

Akaandika ujumbe: "Mpenzi nisamehe. Nilibabaika."

Jibu likaja baada ya siku mbili: "Hukubabaika. Ulichagua."

Dokta alizunguka maduka matatu ya rangi akitafuta inayofanana na ile. Akanunua moja, akapaka kipande. Ikawa kiraka, tena kiraka cha kumdhihaki. Kila akiingia nyumbani, macho yalikwenda pale pale. Anauza dawa za kichwa, za tumbo na za kikohozi, lakini kidonge cha aibu hajawahi kukiona kwenye kabati lake.

Wiki ya pili, wakiwa dukani wanapanga dawa, Chiriku akamsogelea.

"Mwenzangu, yule fundi wako yuko kwangu tangu asubuhi. Mtu mtaratibu yule, mh! Nikamuuliza kama ana mke. Unajua kanijibu nini?"

"Kasemaje?"

"Kasema, 'Nilikuwa na mtu.' Nilikuwa! Nikasema moyoni, basi bahati imenibishia hodi. Kesho nampikia. Unaonaje?"

Boksi la dawa likamtoka Dokta mikononi, vichupa vikabiringika sakafuni. Bosi akainua kichwa. Wateja wawili wakageuka.

"Usimpikie," Dokta akasema.

"Kwa nini? Kwani wako?"

Njia ya kukwepa ilikuwepo. Angeweza kusema mtu yule mlevi, au ana wake wanne. Safari hii hakuipita.

"Ndiyo. Ni wangu. Yule mtu aliyekuwa naye ni mimi. Miezi minane. Nyumba mnayoisifu kaitengeneza yeye. Ile rafu ni yake. Mimi sijui hata kupiga msumari."

Chiriku, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alikosa neno. Alipolipata, alilisema polepole.

"Kwa hiyo siku ile ulimpa noti... mpenzi wako? Mbele yetu?"

"Ndiyo."

"Ee Mungu wangu. Hata mimi naona haya."

Bosi akavua miwani, akaifuta. "Mume wangu alikuwa anashona viatu nilipompata," akasema. "Viatu vyangu vya kwanza vya kazi alivishona yeye. Ungeniuliza, binti, ningekuambia. Haya, vua koti uende. Chiriku atakushikia zamu."

Machozi yakamtoka Dokta. Kumbe miwani aliyoiogopa haikuwa na ubaya wowote.

Akamkuta Brashi chumbani kwa Chiriku, juu ya ngazi, mgongo kwake.

"Karibu, madamu," akasema bila kugeuka; hatua zake alizijua.

"Usiniite hivyo."

"Nikuiteje? Ulinichagulia jina, na mimi nikakuchagulia lako."

"Brashi, nilisema uongo."

"Hapana." Akageuka. Macho yalikuwa mekundu. "Hukusema uongo. Mimi ni fundi, na ninajivunia. Lakini wewe ulisema fundi *tu*. Hiyo 'tu' ndiyo iliyonitoa nyumbani kwako. Kisha ukanilipa. Miezi minane, Dokta, ukanilipa!"

Dokta akasogea, akaishika ngazi. Angejitetea na nini?

"Nimewaambia leo. Dukani, mbele ya wateja."

"Ulisema kwa sababu Chiriku ananitaka."

Ikamchoma, kwa sababu ilikuwa kweli.

"Ndiyo," akasema. "Nilianza kwa wivu. Ila nitaendelea hata usiporudi. Mama yangu anakuja Jumamosi kuona nyumba. Naye nitamwambia yote. Ukuta sijaufunika na pazia, kila anayeuliza nitamjibu."

Brashi akachovya rola. "Ile rangi haipatikani tena."

"Najua. Nimetafuta."

"Wenye akili wangepaka upya ukuta wote."

"Nitapaka."

"Wewe? Utapaka mpaka kitanda." Kidogo acheke, akajizuia. "Nenda, Dokta. Nina kazi."

Jumamosi ilipofika, Dokta alifunga kitambaa kichwani na kuanza kukwangua ukuta na msasa uliochakaa. Mama yake alikaa kwenye kiti, mkono shavuni. Alikuwa ameshaelezwa kila kitu, hadi noti.

"Nimekuzaa mimi," mama akasema, "lakini siku ile sijui ulizaliwa na nani."

"Mama, yaishe."

"Hayaishi kwa kusema yaishe. Kwangua."

Mlango ukagongwa. Mama akainuka kufungua. Mlangoni alisimama kijana mwenye shati jipya na brashi mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

Brashi akamtazama Dokta, pale nyuma, mweupe kwa vumbi. Jibu alimwachia yeye. Macho ya Dokta yakataka kukimbilia sakafuni. Akayazuia.

"Mama, huyu ndiye mpenzi wangu. Ni fundi wa rangi, hodari kuliko wote ninaowajua. Mimi ndiye niliyemtia aibu."

Mama akamshika Brashi mkono kwa mikono miwili, ule ule ulioachwa hewani.

"Karibu nyumbani, mwanangu. Na pole."

Brashi akaingia, akaupitisha kidole ukutani.

"Huu msasa umekufa. Ile noti iko wapi?"

"Kwenye rafu. Sijaigusa."

"Kanunue msasa mpya."

Dokta akacheka na kulia kwa mpigo mmoja. Alirudi mbio, wakakwangua, Brashi akachanganya rangi mpya, na safari hii akaandika vipimo nyuma ya mlango, kwa penseli. Jioni ukuta ulikuwa mmoja, hauna kiraka. Mama akawapiga picha, Brashi juu ya ngazi, rangi kwenye nyusi, Dokta chini ameishika.

Dokta akaiweka mtandaoni bila kukata upande wowote. Chiriku akawa wa kwanza kuuliza: "Haya, ukuta huo kapaka nani?"

Dokta akampa Brashi simu asome jibu kabla hajalituma.

"Kapaka mchumba wangu. Mimi nilishika ngazi tu."

Brashi alisoma mara mbili. Kisha akabonyeza kutuma mwenyewe.