Damu ya Dada na Kijiti cha Oili

Shemeji yangu ni fundi wa magari. Mtaani wanamwita Spana, na akishasema jambo, basi, limekwisha. Anayemweza ni mkewe tu, ambaye ni dada yangu. Dada hushona nguo sebuleni, na cherehani ikinyamaza, mdomo wake haunyamazi.

Dada aligundulika ana saratani ya shingo ya kizazi. Hospitali ikamwanzishia tiba ya mionzi. Alituambia haiumi, unalala chini ya mashine kubwa na kutulia tuli. Kutulia ndiyo kazi, akatania. Kila Jumatatu, kabla ya mionzi, alipita maabara kutolewa damu kidogo.

Wiki zikaenda, dada akaanza kuchoka. Cherehani ikafunikwa kitambaa. Spana akatafuta mchawi, akampata: maabara. Mgonjwa anapunguzwa damu kila wiki, alisema, atapata wapi nguvu? Jumatatu iliyofuata akaamuru tupite maabara bila kuingia, twende mashineni moja kwa moja. Dada hakubisha. Hilo peke yake lingepaswa kutushtua.

Muuguzi wa mionzi alitafuta majibu ya damu, hakuyaona. Akasema mashine haiwashwi mpaka damu ipimwe. Spana akafura, akasema wanamnyonya mkewe. Muuguzi hakukasirika. Alimuuliza kazi yake, kisha akamwambia:

"Unajuaje kama oili ya gari inatosha?"

"Nachomoa kijiti, naangalia."

"Na ile oili inayobaki kwenye kijiti, ndiyo inayoua injini?"

Spana alicheka bila kupenda. "Hapana."

"Basi na sisi tunaangalia tu. Damu yenyewe ni kijiko kimoja, mwili unairudisha upesi. Mionzi inaua saratani, lakini ikipita nyongani inagusa pia uboho ndani ya mifupa, pale damu inapotengenezwa. Chembe nyeupe za damu, walinzi wa mwili, zinaweza kupungua. Zikipungua sana, homa ndogo tu inaweza kuua mtu."

Dada akainamisha kichwa. Alikuwa anatetemeka kwa homa tangu jana yake, akasema polepole, ila hakutaka kututia wasiwasi. Jamani, dada yangu msemaji, siku ya kusema ndiyo akanyamaza!

Damu ikapimwa palepale. Chembe nyeupe zilikuwa zimeshuka sana. Dada alilazwa, akapewa dawa za kuua vijidudu, na mionzi ikasimama kwa muda. Spana alikaa kwenye benchi la korido, mikono mapajani.

"Shemeji," aliniambia, "nusura nimzike mimi mwenyewe."

Sikumtania siku hiyo. Nilikuwa naogopa kama yeye.

Homa ilishuka. Damu ilipopimwa tena, chembe nyeupe zilikuwa zimepanda, na daktari akaruhusu mionzi iendelee. Tangu hapo Spana alitembea na kipimajoto kwenye mfuko wa ovaroli. Kila Jumatatu alifika mlango wa maabara kabla haujafunguliwa. Dada naye akijisikia vibaya, alisema saa ileile.

Tiba ilikwisha. Miezi kadhaa baadaye, daktari alimpima tena, hakuona uvimbe. Cherehani inalia sebuleni mpaka majirani wanalalamika. Ila kliniki dada haachi kwenda, na Spana humsindikiza. Akifika maabara, dada hukunja mkono wa gauni, anamtazama mumewe, kisha anamwambia mpimaji, "Haya mwanangu, chomoa kijiti."