Kitenge Kisichopepea

Kofia ya Déogratias ilimtoka kichwani, ikabiringika juu ya majani makavu ya uwanja wa ndege, naye akaifuata huku akiitukana kama anayemfukuza kuku wa jirani. Upepo wa kiangazi ulikuwa umeamka ziwani. Aliipata kofia mtaroni, akaipangusa vumbi, kisha akainua macho kuutazama mlingoti, kwa mazoea tu. Kitenge kilichofungwa kule juu kilikuwa kimelala. Kilining'inia hakitikisiki hata pindo, na huku shati la mtu aliyekuwa anakitazama lilikuwa linampigapiga mgongoni.

Alijiambia kamba imekaza. Mtu akitaka kujidanganya hakosi kamba ya kusingizia.

Uwanja wenyewe ulikuwa wa udongo, nje kidogo ya Baraka, umelala sambamba na ziwa. Ilikuwa miaka ya vita vya pili vya nchi ile. Barabara ya Uvira ilikuwa imefungwa na wenye bunduki, ya kupanda Fizi ilipitwa na wenye roho ngumu peke yao, kwa hiyo wagonjwa, walimu na wajane walisafiri kwa ndege ndogo nyeupe ya watu wa misaada. Kazi ya Déogratias ilikuwa kufukuza mbuzi uwanjani na kumweleza rubani hali ya upepo kwa foni, ile redio iliyokula umeme wa betri ya gari. Watu walimtania kwamba analipwa kwa kutazama hewa. Lakini walionyamaza ni wale waliowahi kuiona ndege ikishuka siku upepo wa ziwa unapoukata uwanja kwa ubavu. Rubani huja pua ameielekeza ziwani, ndege ikienda upande kama kaa, na akikaribia ardhi huinyoosha, akalaza kidogo bawa la upande wa upepo, akagusa chini kwa gurudumu moja kwanza. Akipitiwa kidogo tu, upepo unamtupa mtaroni. Rubani mwenye busara hazunguki mara nyingi, anarudi alikotoka, na waliokuwa wanamngoja wanabaki wakiutazama mkia.

Zamani mlingoti ulikuwa na mfuko wake mrefu wa kuonyesha upepo. Askari fulani walipita wakaushusha, wakashonea begi. Tangu hapo kilikuwa kitenge, na kitenge kilikuwa cha Mukandori.

Huyu alikuwa mwanamke wa kule juu kwenye nyanda, watu wa ng'ombe, na vita vilikuwa vimewaweka watu wa juu na watu wa kando ya ziwa pande mbili. Aliteremka wakati wa mvua, mzigo mgongoni, kifua kikimkoroma. Alikaa kwenye kibanda cha abiria, miguu ameinyoosha mbele, akiuliza ndege ya Uvira itafika lini, kwa kuwa dada yake alikuwa kule. Ndege ilikuja siku ya upepo mbaya. Ikazunguka, ikageuza. Mukandori alisimama akaipungia mkono, kama mtu anayemwita mwenzake aliyesahau kitu. Ilipokuja tena alikuwa ameshakufa.

Déogratias na Fabien, mlinzi mwenzake, walimzika mwisho wa uwanja upande wa kusini, haraka haraka. Hakuna aliyemkalia kilio. Mwaka ule kumlilia mtu wa juu kulikuwa kujitafutia maneno na majirani, na maneno yalikuwa yanaua. Sasa, katika nchi ile nguo za marehemu hufungwa pamoja, haziguswi, mpaka ndugu zake wakutane waanue matanga na kugawana. Déogratias alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Lakini mlingoti ulikuwa uchi, kitenge kilikuwa kizuri, cha manjano chenye ndege wa buluu, na ndugu wa kuja kukidai hawakuwapo. Akakipandisha. Alitenda vibaya, na alijua alipokuwa anafunga fundo.

Alipoiokota kofia yake asubuhi ile, mkewe Adolphine alikuwa hospitali Bukavu, amepasuliwa tumbo na kupona, na habari ilikuwa imekuja kwa foni kwamba ndege itakayofuata, ile inayopitia Uvira, itamrudisha. Déogratias alikuwa ameshafagia nyumba, ameazima godoro, amekausha samaki. Mtu mzima alikuwa anaimba peke yake jikoni.

Siku zilizofuata kitenge hakikupepea kabisa. Mbaya zaidi kilisikika. Fabien ndiye aliyesikia kwanza: sauti ya nguo inayopigwa na upepo mkali, pwa, pwa, pwa, juu ya vichwa vyao, na wakitazama, nguo imelala. Kisha ndani ya kibanda cha foni ikaingia harufu ya siagi ya ng'ombe, ile ambayo kina mama wa nyanda za juu hujipaka, na Fabien akaacha kula chakula chake mle ndani.

Walikishusha kitenge. Kilikuwa kizito kama kilichotoka kuloweshwa, ilhali kikavu. Wakakipeleka kwa Anastasie, bibi mmoja wa Baraka aliyejulikana kwa kusema na waliokufa. Hakukigusa. Aliwaambia wakae mbali nacho, akasema kwa sauti ya chini:

"Ule mama hajue kama alikufa. Mulimuzika kama bantu banatupa kitu. Iko anangoya ndege."

Déogratias akauliza wafanye nini.

"Bantu ba kwabo, ndugu zake ba juu, ndio banaweza kuanua matanga yake. Si mi, si we."

"Bantu ba kwabo beko ngambo ya masasi ya bunduki, mama."

"Basi ataita ndege mupaka ishuke. Akifika kwa dada yake, labda atapumuzika." Akafunga mlango wake taratibu, kama anayemfungia mgonjwa.

Walikipeleka kitenge juu ya kaburi la Mukandori, wakakiwekea mawe. Fabien akaomba kama walokole wanavyoomba. Déogratias alizunguka nyumba kwa nyumba akiomba watu, hata wachache, waje wakae kilio pamoja naye hata kama ni cha kuchelewa. Majirani walimsikiliza vizuri, wakatazama chini, wakakumbuka kila mmoja kazi yake. Hakuwalaumu. Yeye mwenyewe, wakati ule wa mvua walipomzika Mukandori, alikuwa kama wao.

Siku ya ndege upepo ulianza mapema na mchana ukawa hauvumiliki. Mabati ya kibanda yaligonga, vumbi lilivuka uwanja kutoka ziwani kwenda milimani, mbuzi wenyewe walijikunyata. Déogratias alifurahi kwa mara ya kwanza kuona hali mbaya, maana alijua atamwambia rubani, Kapiteni Jacques, arudi Uvira, Adolphine alale huko, aje siku ya utulivu. Akatoka nje kupima upepo kwa mkono, akautazama mlingoti, na kitenge cha manjano kilikuwa kule juu, kimefungwa fundo lake mwenyewe, kimelala.

Akakimbilia foni.

"Kapiteni, upepo ya ziwa iko mukali sana, ya ubavu. Usishuke. Rudia Uvira."

Foni ilikoroma, kisha sauti ya rubani ikaja, ya mtu aliyestarehe. "Asante, mama. Nimesikia. Hakuna upepo."

"Iko mi, Déogratias. Hakuna mama hapa. Usishuke."

"Ndiyo, mama. Naona kitambaa inalala. Nakuya."

Alirudia, akarudia tena, na kila aliloliingiza katika kile chombo lilitoka upande wa pili likiwa jingine, na chombo chenyewe kilikuwa kimepata joto karibu na midomo yake, joto la pumzi isiyokuwa yake, na harufu ya siagi ilikuwa imejaa mpaka akaionja kwenye ulimi, na nyuma yake, kwenye benchi ambako hapakuwa na mtu, kifua kilikuwa kinakoroma polepole kama kifua cha mtu anayengoja kwa subira kwa sababu safari hii ana hakika. Alitoka mbio. Fabien alikuwa ameshavua shati, anapunga, naye akavua lake, wakakimbia katikati ya uwanja wakipunga na kupiga kelele ambazo upepo ulizichukua na kuzipeleka milimani kabla hazijatoka vinywani vizuri, na ndege ikatokea upande wa kaskazini, nyeupe, ndogo, pua imenyooka mbele, haikuielekeza ziwani hata kidogo, inakuja kama mtu anayeingia nyumbani kwake, mpaka wakaona madirisha, mpaka Déogratias akadhani ameona kitambaa cha kichwani cha Adolphine kwenye dirisha moja, na mikono yake ilikuwa juu na haina kazi yoyote duniani, na hapo upepo ukaikuta. Bawa la upande wa ziwa likainuka. Ndege ikagusa kwa gurudumu moja, ikaruka, ikagusa tena, ikaburuzwa upande wa mtaro, gurudumu likavunjika kwa mlio wa kuni kavu, ikazunguka kwenye vumbi na kusimama mwisho wa uwanja, karibu kabisa na kaburi.

Hakufa mtu. Walitoka mmoja mmoja wakilia na kumshukuru Mungu. Kapiteni Jacques alikaa chini ya bawa, akasema kule juu kulikuwa kimya kama kanisani, hakuhisi hata pumzi. Kisha akauliza yule mama wa foni yuko wapi, amshukuru au amtukane.

Adolphine alishuka wa mwisho. Déogratias alimwita, akamwita tena, machozi yanamtoka wazi mbele za watu. Mkewe akampita. Mzigo wake alikuwa ameufunga mgongoni, yeye ambaye tangu usichana alibeba vitu kichwani. Akaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha abiria, akakaa, akanyoosha miguu mbele. Mume akapiga magoti. Nywele za mkewe zilinuka siagi.

"Adolphine. Iko mi."

Alimtazama kwa adabu, kama mgeni anavyomtazama mwenye kazi yake. "Baba, ndege ya Uvira itaruka saa ngapi?"

Juu ya mlingoti kitenge kikaanza kupepea vizuri kabisa, kimenyooka kuelekea milimani, kama kitenge chochote kingine.

Hakukubali kurudi nyumbani. Godoro la kuazima lililetwa kibandani. Samaki hakuwagusa. Anastasie alikuja, akamtazama kutoka mbali, akarudi kwake. Kifua cha Adolphine kikaanza kukoroma, kwanza kidogo, kisha kama cha Mukandori, na Déogratias, aliyekuwa amekaa karibu naye wakati wote, alijua njia hiyo inaishia wapi kwa sababu alikuwa ameshauchimba mwisho wake kwa jembe lake.

Ndege nyingine ikatumwa, Kapiteni Jacques yule yule, kuchukua wagonjwa. Ikasikika ikiwa mbali. Upepo ulikuwa umetoka ziwani, mkali kuliko siku ile, na kitenge kilikuwa kimekaza kama ubao, kikiukata uwanja kwa ubavu. Rubani angekiona, angezunguka, angerudi, na Adolphine angebaki kufia kibandani kama Mukandori. Adolphine alikuwa amesimama, mzigo mgongoni, mkono ameshauinua nusu.

Déogratias alikishusha kitenge. Akaenda akamfunika mkewe mabegani, akamfunga vizuri, naye hakukataa. Fabien alimwuliza anafanya nini, akasimama mlangoni mwa kibanda cha foni, akamshika mkono.

"Ndani ya ile ndege kuna bantu, Déo. Kuna batoto."

"Najua," akasema, na alikuwa anajua. Akautoa mkono wa mwenzake, si kwa nguvu. Akabonyeza.

"Shuka, Kapiteni. Hakuna upepo."

Mabati yalikuwa yanagonga. Foni ikakoroma, na sauti ikajibu, ya mtu aliyestarehe:

"Asante, mama."